Je, majadiliano ya pamoja ya watumishi wa umma yabaki kwenye mshahara wa msingi peke yake?

Mjumbe wa Baraza, Chamwino

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mtumishi wa halmashauri mojawapo ya mkoa wa Dodoma na ni mjumbe wa Baraza la Wafanyakazi kwa upande wa chama. Katika mafunzo ya wajumbe yaliyofanyika hivi karibuni hapa mjini, mwezeshaji mmoja, mtu msomi na mwenye lugha tulivu, alitueleza kwamba hata nchi zilizoendelea zimeanza kubana haki ya watumishi wa umma ya kujadiliana kwa pamoja na mwajiri. Akapendekeza kwamba nasi tuyaache majadiliano hayo yahusu mshahara wa msingi tu, na kwamba uhamisho, madaraja, posho, likizo na mafao viwe mambo ya menejimenti. Mfano wake mkuu ulikuwa jimbo la Wisconsin nchini Marekani.

Nimejisomea habari za jimbo hilo ili nisibishe kwa hisia. Mwaka 2011 Gavana Scott Walker, akitaja upungufu wa bajeti wa dola bilioni 3.6 kwa miaka miwili iliyokuwa mbele, alipeleka muswada uliokuja kuitwa Sheria Namba 10. Sheria hiyo iliacha mshahara wa msingi kuwa jambo pekee la kujadiliwa, na nyongeza yoyote iliyozidi mfumuko wa bei ikahitaji kura ya wananchi. Vyama vilitakiwa kupigiwa kura kila mwaka ili viendelee kuwawakilisha watumishi, tena kwa zaidi ya nusu ya watumishi wote wa kitengo na si ya waliojitokeza tu, na makato ya ada kupitia orodha ya mishahara yakakoma. Polisi na zimamoto hawakuguswa. Maseneta 14 wa chama cha Democratic walikimbilia jimbo jirani la Illinois ili akidi ya kupitisha muswada wa fedha isitimie, watu wakajaa ndani ya jengo la bunge mjini Madison kwa majuma kadhaa, lakini sheria ilisainiwa mwezi Machi mwaka huohuo.

Hoja ya mwezeshaji, nikiieleza kwa uadilifu, ilikuwa hii. Kampuni binafsi ikikubali mishahara isiyoimudu, soko litaiadhibu, kwa hiyo pande zote mbili zina sababu ya kujizuia. Serikali haina soko la kuiadhibu, bali ina mlipa kodi, na mlipa kodi huyo hayupo chumbani wakati chama na mwajiri wanapokubaliana juu ya fedha zake.

Sikuwa na jibu la haraka. Je, hoja hiyo ina uzito katika mazingira yetu na chini ya sheria zetu? Nauliza kwa sababu mada yake imegawiwa kwa maandishi, mwenyekiti wetu ameonekana kuifurahia, na ninatarajia itajitokeza katika kikao kijacho cha baraza.

---

Mstaafu wa Mipango

Ndugu mjumbe, nimefanya kazi ya mipango na bajeti katika halmashauri kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu, na naomba nimtetee mwezeshaji wenu, kwa kuwa naona wengi watamrukia.

Kwanza, wazo lake halikuzaliwa Wisconsin wala halikuanza na maadui wa wafanyakazi. Rais Franklin Roosevelt, ambaye ndiye aliyesaini sheria kubwa ya vyama vya wafanyakazi ya mwaka 1935 nchini Marekani, aliandika mwaka 1937 katika barua kwa kiongozi wa chama cha watumishi wa serikali ya shirikisho kwamba majadiliano ya pamoja, kwa namna yanavyoeleweka kwa kawaida, hayawezi kuhamishiwa katika utumishi wa umma, kwa sababu mwajiri huko ni wananchi wote wanaosema kupitia sheria zinazotungwa na wawakilishi wao. Huyo alikuwa rafiki wa vyama.

Pili, tuache fedha, tuzungumzie walimu na wauguzi wanakopelekwa. Mtu yeyote aliyewahi kushika orodha ya ikama, yaani idadi ya watumishi wanaohitajika kila kituo, anajua kwamba kila mtumishi ana sababu nzuri ya kuhamia mjini. Ana mwenza, ana mtoto mgonjwa, ana masomo ya jioni. Sababu hizo ni za kweli moja moja, lakini zikijumlishwa, shule ya ndani kabisa huko Bahi inabaki na walimu watatu kwa madarasa saba, huku shule ya kata ya mjini ikiwa na walimu wa somo moja wanaopokezana vipindi. Kama uhamisho ungekuwa jambo la kufungwa katika mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya maandishi kati ya chama na mwajiri, Mkurugenzi angewezaje kuisaidia shule ile? Wazazi wa Bahi hawana katibu wa kuwasemea katika baraza lenu. Wana diwani, na diwani hasaini mikataba ya hali bora.

Tatu, kuna ushahidi kwamba uhuru wa menejimenti una faida. Mchumi Barbara Biasi alichunguza wilaya za shule za Wisconsin baada ya sheria hiyo na akaona kwamba zile zilizoacha ngazi za mshahara za kupanda kwa miaka kazini tu, zikaanza kulipa kwa kuangalia uwezo, ziliwavuta walimu bora kutoka wilaya nyingine. Sisi hapa mwalimu hodari na mwalimu anayesaini daftari la mahudhurio na kuondoka wanapanda daraja pamoja, na kila mmoja wetu anawajua wote wawili kwa majina.

Kwa hiyo sisemi kwamba vyama vifutwe. Ninasema kuna mambo ambayo mchaguliwa wa wananchi ndiye mwenye haki ya kuyaamua, na kupeleka mtumishi panapohitajika ni mojawapo.

---

Katibu wa Tawi, Kondoa

Mzee wetu wa mipango, shikamoo. Umeeleza vizuri, ila nyote wawili mmeruka jambo moja linalobadilisha picha yote.

Huko Wisconsin vyama vikubwa vilitangaza mapema kwamba viko tayari kukubali upande wa fedha wa muswada, yaani watumishi wachangie takribani asilimia 5.8 ya mishahara yao kwenye pensheni na asilimia 12.6 ya gharama za bima ya afya, mradi haki ya kujadiliana ibaki. Gavana alikataa. Na maseneta wale 14 walipoendelea kukaa Illinois, wenzao waliobaki waliondoa vipengele vya fedha ndani ya muswada ili wasihitaji akidi ile kubwa, kisha wakapitisha kilichobaki. Kama kisa kilikuwa upungufu wa bajeti, iweje sehemu ya majadiliano ipite peke yake kama jambo lisilo la fedha?

Tena mwezeshaji awaambie pia habari za Ohio. Jimbo hilo lilipitisha sheria ya namna hiyohiyo mwezi Machi mwaka 2011, likawajumuisha hata polisi na zimamoto, na mwezi Novemba mwaka huohuo wapiga kura wakaifuta kwa zaidi ya asilimia 60. Mlipa kodi anayesemwa hayupo chumbani aliulizwa waziwazi, akajibu.

---

Mstaafu wa Mipango

Marahaba, katibu. Wapiga kura wa Wisconsin nao waliulizwa. Juni 2012 walipiga kura ya kumwondoa Walker madarakani, na akashinda kwa asilimia 53. Tusichague jimbo linalotupendeza.

---

Wakili, Makole

Mjadala ni mzuri, lakini naona sote tunajadili kupunguza kitu bila kwanza kupima ukubwa wake. Nitaeleza sheria yetu ilivyo, halafu nitasema kwa nini nadhani pendekezo la mwezeshaji linakosea mahali pa kulenga.

Haki ya kujadiliana katika utumishi wa umma wa Tanzania Bara imesimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni Sheria ya Majadiliano katika Utumishi wa Umma, Namba 19 ya mwaka 2003, inayounda mabaraza ya pamoja ambamo upande wa serikali na upande wa wafanyakazi hukutana. Ya pili ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, ambayo katika kifungu cha 67 inakipa chama chenye wanachama walio wengi haki ya kutambuliwa kuwa mwakilishi pekee wa kitengo, na katika kifungu cha 68 inazitaka pande zote kujadiliana kwa nia njema. Sheria hiyo haiwahusu Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Angalieni tofauti: Wisconsin iliwaachia polisi kile ilichowanyang'anya walimu, ilhali sisi tumewaachia walimu kile ambacho polisi hawajawahi kuwa nacho. Kwao ubaguzi huo umerudi mahakamani, kwani mwezi Desemba mwaka 2024 jaji mmoja wa jimbo aliamua kwamba kuwatenganisha hivyo watumishi walio katika hali moja kunakiuka katiba, na utekelezaji wa hukumu yake ukasitishwa kusubiri rufaa.

Mipaka mingine tunayo tayari. Kifungu cha 77 cha Sheria hiyo ya mwaka 2004 kinazitaja huduma za lazima ambamo mgomo hauruhusiwi kwa kawaida: maji na usafi wa mazingira, umeme, afya na maabara zake, zimamoto, uongozaji wa ndege. Kwa wasio katika huduma hizo, njia ya kufikia mgomo halali ni ndefu kiasi kwamba walimu walipogoma mwishoni mwa Julai 2012, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iliutangaza mgomo wao kuwa batili ndani ya siku chache. Na tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtumishi wa umma mwenye shauri lake binafsi lazima amalize kwanza ngazi zote za Sheria ya Utumishi wa Umma kabla ya kwenda kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mwezeshaji anapodai tuanze kuweka mipaka, anazungumza kana kwamba tumekaa uwanja wazi.

Historia nayo inasaidia. Rashidi Kawawa aliyekuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu mwaka 1962 zilipopitishwa sheria za kubana migomo na za kuwazuia watumishi wa serikali wa ngazi za juu kujiunga na vyama. Rais wa TFL, Victor Mkello, aliyezipinga, alipelekwa kuishi Sumbawanga kwa amri ya serikali mwanzoni mwa 1963. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 TFL ikavunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, na Waziri wa Kazi, Michael Kamaliza, akawa ndiye Katibu Mkuu wake. Kwa miaka mingi iliyofuata, mtu anayedai na mtu anayedaiwa walikuwa chini ya paa moja la chama tawala. Hoja iliyotumika wakati ule ni hii hii aliyoileta mwezeshaji: mwajiri ni wananchi, kwa hiyo anayedai kwa nguvu anawadai wakulima. Sisemi hoja hiyo haikuwa na ukweli wowote katika nchi changa. Ninasema imeshajaribiwa, na watumishi walijifunza kutokana nayo kusubiri badala ya kujadiliana.

Hapo ndipo tulipo hadi leo. Nitajeni nyongeza ya mshahara ambayo mtumishi wa halmashauri anaikumbuka kwamba ilitokana na meza ya majadiliano. Mwaka 2022 sherehe za Mei Mosi zilifanyika hapa Dodoma, katika Uwanja wa Jamhuri, watumishi wakapewa matumaini, na siku chache baadaye ikatangazwa nyongeza ya asilimia 23.3 iliyopandisha kima cha chini cha serikali kutoka shilingi 300,000 hadi 370,000. Mei Mosi ya 2025 ilifanyika Singida, na hapo ikatangazwa asilimia 35.1, kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Kabla ya hapo, kuanzia 2016, ilipita miaka kadhaa bila nyongeza ya jumla. Huenda nyuma ya matangazo hayo kulikuwa na vikao, na viongozi wa TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, hutuambia vilikuwapo. Lakini mkataba wenye saini ya pande mbili, ambao mwanachama anaweza kuushika na kumwonyesha hakimu, haupo. Kilichopo ni hotuba. Ikija, tunashangilia, isipokuja, hakuna kifungu cha kukazia.

Kwa hiyo ukiniuliza kama majadiliano yabaki kwenye mshahara wa msingi peke yake, nitakujibu kwamba mshahara wa msingi ndio hasa usiojadiliwa kwetu. Ukiondoa uhamisho, posho na mafao, hutabaki na majadiliano membamba kama ya Wisconsin. Utabaki na viti na chai.

---

Mwalimu, Mpwapwa

Wakili amesema mengi niliyotaka kusema, isipokuwa moja ambalo mawakili na makatibu hawapendi kuligusa, nalo ni chama chenyewe.

Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi na sasa nasoma shahada ya uzamili pale UDOM. Kila mwezi kwenye hati yangu ya mshahara kuna mstari wa asilimia mbili unaokwenda chamani. Sikumbuki mara ya mwisho katibu alipofika shuleni kwetu kwa jambo lisilo uchaguzi wa viongozi au sare za Mei Mosi. Nilipokuwa nadai fedha za uhamisho, nilizoahidiwa kwa barua yenye mhuri, nilizungushwa kwenye ofisi ya halmashauri niliyohama na ile niliyohamia, kila moja ikisema mdaiwa ni mwenzake, na tawi likaniandikia barua moja tu iliyonitakia subira. Msidhani kila mwalimu anayesikia habari za Wisconsin anasikitika. Wapo katika chumba chetu cha walimu waliosema, heri chama kipigiwe kura kila mwaka, kitaamka.

Mimi siungani nao hadi mwisho, kwa sababu kura ile ya Wisconsin ilipangwa ili chama kishindwe, kwani asiyepiga kura anahesabiwa kuwa amekataa. Mwaka 2010 wanachama wa vyama walikuwa asilimia 14.2 ya waajiriwa wa jimbo hilo, na kufikia 2016 walikuwa karibu asilimia 8. Hata hivyo kiini cha malalamiko ya wenzangu ni halali. Sheria yetu inaruhusu mtu asiye mwanachama akatwe ada ya uwakala pale ambapo chama chenye wengi kimekubaliana hivyo na mwajiri. Kifungu cha 72 kinataka fedha hiyo ikae kwenye akaunti yake, isizidi ada ya mwanachama, na isitumike kwa mambo ya siasa. Nani ameiona taarifa ya akaunti hiyo? Marekani Mahakama ya Juu iliipiga marufuku ada ya namna hiyo kwa watumishi wote wa umma mwaka 2018, katika shauri la Janus. Sitaki tufike huko, maana anayefaidi matunda ya majadiliano achangie gharama zake. Ila kwanza yawepo matunda.

Na kwa mzee wa mipango, nakuheshimu sana, ila utafiti ule una upande wa pili. Biasi huyohuyo, akiwa na mwenzake Heather Sarsons, aliwatazama walimu wa Wisconsin baada ya mishahara kuanza kupangwa mtu kwa mtu, na wakakuta kwamba walimu wanawake, hasa vijana, walianza kulipwa kidogo kuliko wanaume wenye sifa zilezile, jambo ambalo ngazi za zamani zilikuwa zikilizuia. Wanawake walikuwa wakidai kidogo zaidi mbele ya mwajiri. Sasa mweke mwalimu wa kike wa ajira mpya mbele ya Afisa Elimu, peke yake, mlango umefungwa, aombe nyongeza kwa uwezo wake. Sisi wanawake tunajua chumba hicho kinaweza kuwa na maombi ya namna gani. Ngazi ya TGTS, ile ya mishahara ya walimu wa serikali, haina haki kwa mwalimu hodari, nakubali. Lakini haimuulizi mtu anaishi na nani.

---

Mstaafu wa Mipango

Mwalimu, hoja ya chumba kilichofungwa nimeipokea na sina cha kuipinga. Ya uhamisho bado nasimama nayo. Nipeni mkataba mmoja wa hali bora utakaompeleka mwalimu wa hisabati kijiji kisicho na umeme, nami nitanyamaza.

---

Katibu wa Tawi, Kondoa

Mzee, mkataba wenyewe unaweza kuwa rahisi. Nyumba, posho ya mazingira magumu inayolipwa kwa wakati, na ahadi kwamba baada ya muda uliotajwa mtu ataruhusiwa kuhama bila kumtafuta mjomba wizarani. Walimu waliyadai hayo mwaka 2012, posho ya mazingira magumu wakiiombea asilimia 30 ya mshahara. Hawakukataa kwenda vijijini. Walikataa kutupwa na kusahaulika huko. Mkurugenzi akibaki na amri bila kuwa na kitu cha kutoa, atampeleka mwalimu Jumatatu na kupokea barua ya daktari Ijumaa, nawe umeziona barua hizo wewe mwenyewe.

Pia tusisahau kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, maana mafao ni miongoni mwa yale ambayo mwezeshaji anataka yaachiwe menejimenti. Mifuko ya pensheni ilipounganishwa mwaka 2018, kanuni zilizofuata zilishusha malipo ya mkupuo hadi asilimia 25 hata kwa wale waliokuwa wakitarajia asilimia 50. Kelele zikawa kubwa hadi Rais Magufuli, Desemba mwaka huo, akaagiza utaratibu wa zamani uendelee. Julai 2022 ikaja asilimia 33, na katika bajeti ya 2024/25 ikapandishwa hadi 40 kwa waliokuwa wa asilimia 50 na 35 kwa waliokuwa wa 25. Jambo moja limebadilishwa mara nyingi kiasi hicho kwa sababu lilianza bila maridhiano ya wanaohusika. Aliyestaafu kati ya tarehe moja na nyingine amepata fungu tofauti na mwenzake wa dawati la pili, na hakuna anayeweza kumweleza kwa nini. Majadiliano ya polepole yangegharimu muda, lakini hayangegharimu imani ya watu kiasi hiki.

---

Mjumbe wa Baraza, Chamwino

Nawashukuru wote, wazee na wadogo. Niongeze picha moja kutoka barazani kwetu ambayo majibu yenu yamenisaidia kuielewa.

Kikao chetu cha bajeti hufanyika baada ya ukomo wa bajeti kushuka kutoka Hazina. Tunapewa kabrasha asubuhi ileile. Afisa Mipango anasoma mishahara, matumizi mengineyo na miradi, sisi tunafuatilia kwa kidole. Tukifika kwenye madeni ya watumishi, yaani uhamisho, likizo, masomo, tofauti za mishahara za wale waliopandishwa kwa mserereko (kufidia madaraja waliyocheleweshewa), kuna safu ya mwisho iliyoandikwa "utekelezaji". Ndani yake, kwa kila deni, yameandikwa maneno yaleyale: linaendelea kufanyiwa kazi. Mjumbe akiuliza, Mkurugenzi anajibu kwa upole, na nadhani kwa kweli, kwamba fungu halikutengwa na ukomo haumruhusu. Kisha mtu anatoa hoja ya kupitisha, mwingine anaunga mkono, na muhtasari unaandikwa kwamba baraza limejadili na kuridhia.

Kwa hiyo mlipa kodi wa mwezeshaji hana haja ya kuwa na hofu nasi. Tunajadiliana na mtu asiye na ufunguo wa kasha, baada ya kasha kufungwa.

Nimeamua kwamba sitapoteza muda wa kikao kwa kubishana juu ya Wisconsin. Nitaomba madeni ya watumishi yajadiliwe barazani mwezi Oktoba, kabla mwongozo wa bajeti haujatoka, na orodha yake ipelekwe Hazina na Ofisi ya Rais, Utumishi, ikiwa na saini za pande zote mbili. Wakili, naomba unisaidie jambo moja: je, nina msingi wa kisheria wa kudai orodha kamili ya madeni kabla ya kikao, au nitaambiwa ni siri ya ofisi?

---

Wakili, Makole

Msingi upo. Kifungu cha 70 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka mwajiri akipatie chama kilichotambuliwa taarifa zinazohitajika ili majadiliano yafanyike ipasavyo. Taarifa binafsi za mtumishi zinahitaji idhini yake, kwa hiyo usiombe majina. Omba jumla kwa kila aina ya deni, mwaka lilipoanza, na idadi ya wanaodai. Ombi liandikwe na chama, si na wewe binafsi kama mjumbe, maana haki hiyo ni ya chama kilichotambuliwa. Lipelekwe kwa Mkurugenzi, nakala kwa Afisa Utumishi, na likabidhiwe masjala ili nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Wakikataa, wakatae kwa maandishi, na maandishi hayo ndiyo utakayoyapeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.